Mwakani na Daraja la Wanaoanza

Ndugu waombolezaji, ninayosoma leo hamtayaamini, na wanaonijua wameshaanza kukohoa. Kohoeni mmalize. Marehemu mpwa wangu alijua amebakiza onyesho moja tu la farasi maishani mwake, na alikuwa na farasi wa kuwafunga watu midomo. Akaenda kumwandikisha daraja la chini kuliko yote. Niliyaona kwa macho yangu haya mazuri.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1976, binti, mtoto wa kwanza wa dada yangu, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mshona mapazia. Mimi ndiye niliyemkimbilia mkunga. Dada anasema nilimkuta mkunga yuko ngazini tayari, lakini kukimbia nilikimbia.

Alianza shule mwaka 1983. Kwa kuwa alijua kusoma mapema, marehemu baba yake aliomba arushwe darasa. Akawekwa kati ya wakubwa, akaacha kunyoosha kidole, akawa anaumwa tumbo kila Jumatatu. Muhula ulipokwisha mama yake akamrudisha kwa wenzake, na tumbo likapona bila dawa. Alimaliza sekondari mwaka 1994.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kusafisha mabanda ya farasi, na baadaye akawa mwalimu wa farasi wachanga. Farasi wake akienda maonyesho mara ya kwanza, hakushindana. Alizungushwa tu kwa kamba, asikie kelele, ale majani, arudi. Safari ya pili aliingia daraja la asubuhi, lenye farasi wachache na mwendo wa taratibu. Daraja la farasi wengi kukimbia pamoja hakutaka hata kulisikia. Wenye farasi wakimjia na haraka zao, "Huyu ataruka viunzi lini?" aliwajibu, "Mwakani." Jina likamganda. Wengine walimhama kwa hasira, halafu wakarudi na farasi anayetetemeka akiona bendera.

Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa na fundi wa kupiga farasi viatu. Walijuana siku farasi alipomkanyaga fundi mguu. Fundi akalia kama mbuzi. Mwakani akainama kukagua kwato.

"Na mimi je?" fundi akauliza.

"Wewe una mdomo, utasema panapouma."

Walijaliwa binti mmoja.

Februari 2023 aligundulika na saratani. Daktari hakumzungusha: mwaka ungeisha bila yeye. Wakati huo alikuwa akimfundisha farasi wake mwenyewe, jike wa miaka minne aliyezaliwa mikononi mwake. Pale nyumbani farasi yule aliruka viunzi kama anavuka mfereji. Maonyesho ya Juni yalipokaribia, tulimsihi sote amwingize daraja la viunzi. Binti yake, ambaye ndiye angempanda, alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nataka umwone akiruka. Mara moja tu."

"Ameenda maonyesho mara moja tu, kwa kamba, na kipaza sauti alikisikia kwa mbali, mwanangu. Na hajui kwamba mimi naumwa. Haraka ni yangu, si yake."

Jumamosi ya tarehe 17 Juni, asubuhi, farasi akaingia daraja la wanaoanza: kutembea, kwenda mchakamchaka, kusimama. Tulimsukuma Mwakani kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye uzio, blanketi magotini. Kipaza sauti kikakoroma, farasi akaruka pembeni, masikio juu. Binti hakumvuta hatamu. Akamwacha atazame. Farasi akatazama, akashusha pumzi, akaendelea na mwendo wake. Walishika nafasi ya nne kati ya watano.

"Mrudisheni sasa hivi, angali anafurahi," Mwakani akasema.

Alasiri, wenzetu wakishangilia viunzi vikubwa, sisi tulikuwa bandani, farasi anakula, Mwakani anamtazama anavyokula. Binti akaanza kulia.

"Ataruka tu," mama yake akamwambia.

"Lini?"

"Mwakani. Utakuwepo wewe."

Hapo hata mimi nilitoka nje kutafuta ndoo.

Aliaga dunia nyumbani kwake, Jumatano ya tarehe 12 Julai 2023, saa kumi alasiri, dirisha la upande wa mabanda likiwa wazi. Ameacha mama yake, mumewe, binti yake, wadogo zake wawili na farasi jike mmoja. Apumzike kwa amani, na asiwepo wa kumharakisha.

Kwenye orodha hiyo nilikuwa nimejiweka na mimi. Wiki yake ya mwisho aliniamuru nimsomee wasifu huu kabla haujapigwa chapa, maana hakuniamini. Nikasafisha koo, nikasoma: "Ameacha pia mjomba wake mpendwa, mwalimu wake wa kwanza, ambaye ujanani alimtuliza farasi dume mkali kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ameshika..."

Akafumbua jicho moja.

"Mjomba, yule alikuwa punda. Na ulianguka."