Jumatano za Bi Mwatumu

Mheshimiwa Liwali, Mheshimiwa Shekhe Uweso, mwalimu wetu wa dini, Bwana Hatibu, mwenyekiti wa Chama cha Michezo cha Chumbageni, Bwana Zainuddin, mwenye ukumbi huu wa sinema tulimokaribishwa, mabwana wageni waalikwa, nanyi mama zangu na dada zangu mlioketi huku nyuma ya pazia, ambao ratiba imewataja mwisho ingawa anayeagwa leo ni mmoja wenu: assalaam alaikum. Wakubwa wangu wote, shikamooni.

Mimi ni Semeni binti Idarusi. Wengi mnanijua kwa kuwa nawasomesha binti zenu. Nimepewa heshima ya kusema kwa niaba ya chama alasiri hii ya kumuaga Bi Mwatumu, ambaye keshokutwa anahama Tanga kwenda kuishi na dada yake huko Mwera, upande wa Pangani. Hotuba niliandikiwa. Nilikuwa nainakili jana kwa mwandiko mzuri, nikafika ukurasa wa pili, nikakuta maneno haya: "Bi Mwatumu aliridhia kwa moyo wake mwenyewe kuonyeshwa mbele ya watu wote, wake kwa waume." Nikaweka kalamu chini. Karatasi ile ninayo hapa mkononi, na sitaisoma. Nitasema ninayoyajua.

Mabwana, hivi mnamjua mnayemuaga? Sidhani. Hakuna hata mmoja wenu aliyepata kumsikia akicheza, na ndivyo alivyotaka. Alianza katika nyumba za harusi, zamani za vita, upande wa wanawake, milango ikiwa imefungwa. Alikuwa akivaa kanzu ya kaka yake na kuingia kama karani wa posta asiyetaka kuuza stempu, au kama mume anayerudi nyumbani akitafuta chumvi iliyo mbele ya pua yake. Hakumtaja mtu kwa jina. Alisukuma kofia nyuma kidogo tu, akakohoa, na kila mke akamtambua wake. Mama yangu hunisimulia habari za jirani yetu aliyecheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Huyu wangu, wallahi. Mwacheni hukohuko, nyumbani asirudi."

Baadaye chama kikampa alasiri ya kila Jumatano katika ukumbi huu. Nilijiunga naye nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilicheza binti yake. Nilikuwa nikisema kwa kunong'ona. Akaniambia, "Mwanangu, usiseme na mimi, mimi nakusikia. Sema na yule bibi kiziwi aliyekaa mlangoni." Nimeshapita mitihani mingi tangu siku ile, na sijapata somo linalolizidi hilo.

Mwaka wa hamsini na moja akaja mama wa Kizungu kutoka Nairobi, Bibi Kristina, na mashine yake ya kupigia picha za sinema, akataka mchezo wa Bi Mwatumu uwekwe kwenye mkanda. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mama aliyefiwa na mwanawe, na katika sehemu ya mwisho mama huyo anavua mtandio, anafungua nywele, analia. Mbele ya wanawake wenzake, hilo lina ubaya gani? Lakini Bi Mwatumu hakuwa mjinga. Tulikwenda nyumbani kwa Bwana Hatibu, sisi ndani ya mlango, wanaume barazani, akatoa masharti yake. Mpiga picha awe Bibi Kristina peke yake. Mwendesha mashine ukumbini awe Bi Rukhsana, dada yake Bwana Zainuddin, aliyekwisha kujifunza kazi hiyo. Na picha ionyeshwe Jumatano tu, kwa wanawake tu.

Bwana Zainuddin, nawe nakutendea haki: wewe ulisema iandikwe karatasi. Ni Bwana Hatibu aliyejibu, na maneno yake nayakumbuka kama sura ya msahafu niliyohifadhi: "Karatasi ya nini, sisi kwa sisi? Tusome Fatiha." Nani wa kwetu angesema hapana, Fatiha haitoshi, nataka na karatasi? Mwanamke angesema hivyo, angekuwa amewatukana wote waliokaa barazani. Tukainua mikono. Mbali na yeye mwenyewe, tulioisoma tulikuwa watano. Wawili wamekwisha kufa, Mungu awarehemu. Watatu tumo humu.

Picha ilipigwa katika nyumba moja huko Raskazone kwa siku nne, na haikuwa na sauti. Mnajua alifanya nini? Kila Jumatano alisimama kando ya kitambaa cheupe, gizani, akaitia picha yake sauti kwa kinywa chake: ya mama, ya binti, ya mwenye kuleta habari ya msiba. Alijitazama akilia pale juu, na huku chini akalia tena, kwa wakati uleule, bila kupitwa na pumzi moja. Wanawake walitoka humu macho mekundu. Mimi nilikuwa kwenye picha ile, na bado nililia kama sijui mwisho wake.

Ikaja Idi ya mwaka uliofuata. Picha mpya iliyokuwa iletwe kutoka Mombasa haikufika. Ukumbi umejaa wanaume waliovaa nguo mpya, wameketi, wanapiga miguu sakafuni. Basi kukatafutwa kitu cha kuwanyamazisha. Bi Rukhsana aliambiwa akapumzike, ni sikukuu. Mtu mwingine akaweka mkanda. Bi Mwatumu alikuwa jikoni kwake, anapakua biriani.

Mliona nini siku ile, mliokuwapo? Mliona mwanamke wa mji huu, mke wa mtu, amefungua nywele na kupanua mdomo, na hakuna sauti itokayo. Mkacheka. Siwaapizi kwa hilo. Picha ile bila sauti yake ni nusu ya kitu, na nusu ya kilio huchekesha. Lakini mumewe, Bwana Mwinyijuma, karani wa mizigo bandarini, alikuwa katikati ya kicheko hicho na wenzake wa kazini, nao waligeuka kwenye viti kumtazama.

Bwana Mwinyijuma, naona umesimama pale mlangoni. Nakuheshimu kama baba yangu. Ulikwenda kumwuliza mkeo kama aliridhia, akakujibu, "Kawaulize waliosoma Fatiha." Alikuwa na hakika watakwambia. Ulikwenda kwa Bwana Hatibu, naye akasema, "Mambo ya mkeo, muulize mkeo." Hukubisha hodi mlango wa pili. Idi haikuisha kabla ya talaka kumfikia kwa mkono wa mdogo wako.

Kwa nini waliosoma hawakusema? Kwa sababu wangesema, ingejulikana kuwa ahadi ilivunjwa humu ukumbini, na chama kikaogopa kunyimwa ukumbi. Bi Mwatumu akaambiwa asubiri, mambo yatapoa. Alisubiri. Wanaume wakawakataza wake zao kuja, na mwezi wa pili baada ya Idi Jumatano zikafungwa. Kwa hiyo ukumbi ukabaki, na mtu wa kucheza humo hakuwapo. Miaka saba sasa ameishi kwa kushona kofia. Mbili naziona mstari wa mbele. Wenye nazo wanajua walizinunua kwa nani.

Bwana Hatibu, nimekuona ukimnong'oneza katibu, na katibu ameinuka kuelekea kwenye waya. Azime kipaza sauti akitaka. Nimefundishwa kusema na bibi kiziwi wa mlangoni.

Wala msidhani nimekuja hapa mimi ni safi. Nimesema tulioisoma Fatiha tumo watatu. Wiki ile ya talaka, baba yangu aliniita akaniuliza, "Semeni, wewe ulikuwapo. Mama huyu alikubali kuonyeshwa wanaume?" Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mtihani wa darasa la nane ulikuwa mbele yangu. Nilijua kwamba nikiufungua mlango huo, baba atauliza na yule msichana kwenye picha alikuwa nani, kwa kuwa kwenye picha nilikuwa nimeipa mashine kisogo, na siku ile ya Idi hakunijua. Na akijua, shule imekwisha. Nikasema, "Sikusikia vizuri, baba." Nikaufanya mtihani. Nikapita. Ualimu wangu, ambao leo umenipa ruhusa ya kusimama mbele yenu, nimeusomea juu ya maneno yale matatu. Bi Mwatumu alijua. Kila nilipofaulu alinitumia vitumbua, na hakuniambia lolote, na hilo ndilo nisilolimudu.

Baba yangu yupo, mstari wa tano. Baba, nilisikia vizuri.

Basi mbele ya Mheshimiwa Liwali na mbele ya Shekhe Uweso, nashuhudia hivi, na niko tayari kuapa kwa msahafu popote nitakapoitwa: Bi Mwatumu hakuridhia kuonyeshwa wanaume. Alikataza, akasomewa Fatiha juu ya katazo lake, na waliomsomea ndio waliolivunja. Siwaombi Bwana Hatibu na Bwana Zainuddin wasimame. Wamekuwa na miaka saba ya kusimama. Naomba tu kwamba keshokutwa atakapopanda gari la Pangani, asitazamwe na mtu yeyote wa Chumbageni kwa jicho alilotazamwa tangu Idi ile.

Limebaki jambo moja. Pale mezani pana zawadi ya chama, imefunikwa kitambaa cha kijani. Nimeagizwa nikimaliza nikivute, nanyi mpige makofi. Jana nilitumwa kuichukua kwa mpiga picha wa hapa mjini, nikaiona. Ni picha kutoka kwenye mkanda ule, imekuzwa, imetiwa fremu na kioo. Ni ile sehemu ya mwisho. Nywele ziko wazi. Kamati nzima ilikaa, ikafikiri, ikachagua hiyo, na ikakusudia kubaki na nyingine ya kutundika ukumbini. Ninaamini kwa dhati kwamba walidhani wanamheshimu.

Kitambaa sitakivuta. Ninaichukua picha kama ilivyo, naipitisha nyuma ya pazia, naiweka mapajani mwa mwenyewe. Ile ya pili nimekwisha kuidai kwa mpiga picha, nayo imo humo humo, chini ya hii. Bi Mwatumu, mama yangu, zote ni zako. Ukitaka kuzifunua, wako wanawake mia hapa, na leo, kwa bahati, ni Jumatano.

Mabwana, kwa heshima zote, naomba sasa mtoke kwanza nyinyi, na mlango ufungwe. Bi Rukhsana amekwisha kusimama penye kitasa.

Kwa kunivumilia mpaka hapa, na kwa kunisikiliza, asanteni.