Mama Agathe na tiketi ya Air Kanga

Hapa Nyakasanza, mbele ya duka ya sementi, kuko banki moja ya mbao yenye miguu tatu na tofali moja. Mambo ya Bunia inajulikana hapo hata kabla haijatokea. Kila asubuhi utakuta watu watatu: Muzee Henri, jina lake la utani Tour de Contrôle, munara wa kuongoza ndege, kwa sababu anaishi karibu na kiwanja cha ndege na anahesabu ndege kama kuku zake, Lionel wa pikipiki, wanamuita Sans Frein, bila breki, na Dady Balansi, mununuzi wa zahabu, mwenye anapima kila kitu, hata chumvi ya bibi yake. Mwenye kuwapikia kawa ni Mama Agathe. Asubuhi ile alimimina kawa nje ya kikombe mara mbili, na haikuwa kawaida yake. Binti yake Falone iko Kisangani, mimba ya kwanza, siku zimetimia. Miaka ine hawajaonana, barabara iko mbaya vile munajua. Na kwao, mutoto wa kwanza anaogeshwa na mama ya mama, si jirani. Sasa kampuni mupya, Air Kanga, inauza tiketi kwa bei ambayo hata muuza kawa anaweza. Lakini bei ile inaisha leo, saa sita. Na saa tano imeshapiga.

— Naenda kununua, akasema Mama Agathe.

— Enda, akajibu Tour. Lakini jiulize kwanza. Mwaka jana walianza na ndege moja. Leo iko tatu. Isiro wanafika, Kisangani wanafika, kesho wanasema Kalemie. Mutu anauzisha rahisi na anazidi kunenepa: anakula wapi?

— Anakula wapi, Muzee?

— Wameondoa rubani wa pili. Ule mumoja akienda kukojoa, anaachia usukani mutu wa kiti ya mbele.

Mama Agathe akaomba Mungu kimya-kimya asipewe kiti ya mbele.

— Ile haiko kitu, akasema Sans Frein. Mi najua siri yao. Siye wa pikipiki, kushuka kilima ya Mudzipela tunazima moteri, mafuta ya essence inabaki. Nao ni vile vile! Wakiona tu nyumba za Kisangani, wanazima. Munashuka bure.

— Bure namna gani?

— Pole-pole. Kama karatasi.

— Na kama upepo inageuka?

— Basi munashukia Buta, muji ingine kabisa. Wanawapa souvenir.

Dady Balansi akaweka kikombe chini. Alikuwa na sura ya mutu anayeleta neno ya mwisho.

— Nyinyi munacheza. Shida ni kilo. Ndege ndogo za zamani, si mulipanda juu ya balansi, weye na muzigo wako?

— Niliona watu wakipanda, Tour akasema haraka.

— Air Kanga wanapima mara mbili. Hapa, na kule. Ukifika Kisangani umezidi, unalipa ile imezidi.

— Baba Dady, nizidi namna gani, na niko hewani?

— Woga, Mama. Woga inajaza mutu maji.

Musicheke sana. Neno ile ya kilo Balansi aliianza tangu siku ya Mungu, Jumapili, na Mama Agathe aliishika. Siku ine hizi alikuwa anakula ndizi moja asubuhi, basi. Mu kapu yake aliondoa samaki kavu ya ziwa, ile Falone aliomba kwa telefone. Alibakisha tu kikwembe ya kubebea mutoto, na ile yenyewe aliipima kwa mukono mara mingi.

— Labda nimutumie pesa, akasema polepole. Jirani amuogeshe.

— Unaona! akasema Tour. Akili hiyo.

Pembeni kulikuwa mwanamuke mugeni, Claudine, ametoka Mahagi wiki hii tu. Alikunywa kawa yake, akasikia yote, akapangusa mudomo.

— Mama, samahani. Ukienda Kisangani, hawa wababa watakunywa kawa wapi?

Tour akaanza kuchunguza kikombe chake kama kuna maandishi ndani. Sans Frein akajikuna goti.

— Kumbe! akasema Mama Agathe. Miaka saba nawapikia, leo munaniuzisha woga?

— Mama, siye tunakupenda, akasema Tour.

— Munapenda kikombe.

— Utakaa wiki ngapi? akauliza Sans Frein, sauti kama ya mutoto wa catéchisme.

— Mpaka mutoto akaze shingo.

— Ile ni miezi tatu!

— Ni mutoto wa kwanza. Labda ine.

Akafungua kopo ya mandazi, akala moja, akala ya pili, amesimama, akimuangalia Balansi mu macho. Kisha akafunga kikwembe kiunoni, akaenda ku biro ya tiketi bila kuangalia nyuma. Akitoka kule atapita nyumbani, kurudisha samaki mu kapu.

Claudine akatikisa termosi ya kawa. Hakuna kitu.

— Haya, tupike ingine. Anawekaka makaa wapi?

Tour akamuangalia Sans Frein. Sans Frein akamuangalia Balansi. Balansi akainama, akachungulia chini ya banki.