Mara Kumi na Tisa Kituoni

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, dada anayejitolea kupekua madaftari ya zamani ya polisi alikuwa amechoshwa na mzee aliyemwomba amtafutie baba yake.

“Mzee wangu, miezi mitatu nakohoa vumbi la madaftari ya wafungwa, kumbe mtu hakufungwa!” Mzee akasema, “Tulivyosikia, mama alimfukuza, akaishia jela.” Dada akasonya. “Hayumo. Aliyemo ni mama yako, kwenye kitabu cha matukio. Alikwenda kituoni mara kumi na tisa kuripoti kuwa mumewe kapotea. Anayefukuza mtu humtafuta hivyo?”

“Polisi nao huandika wanachotaka.”

“Mara kumi na tisa? Polisi gani wenye bidii hiyo?” Nilijizuia kupiga makofi.

Mzee akanung’unika, “Mbona hakutuambia?”

“Mlimuuliza lini?”

“Usinisomeshe, binti. Miaka thelathini namsalimia mlangoni tu, siingii. Leo niingie niseme nini?”

“Mimi napekua madaftari, mzee. Hilo halimo.”

Basi likasimama. Konda akagonga bati. “Mzee, si ulisema unashuka hapa kwa mama?”

“Subiri kidogo,” mzee akasema, na hakuinuka.