Tisa kwa Kila Bakuli

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa kibanda cha fundi viatu, karibu na jiko la mkaa la Mama Kahawa. Anayekaa katikati anafaidi, anayekaa pembeni ajishikilie, maana wa upande wa pili akiinuka ghafla ubao unampeleka chini. Hapo ndipo kijiwe chao. Wa kudumu ni Jaji, aliyekuwa mlinzi wa mahakama na kusikiliza kesi nyingi hadi akajiona kazihukumu yeye, na Spana, fundi baiskeli mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Mama Kahawa haketi, yeye anatawala. Fundi viatu mwenyewe hukaa mlangoni pa kibanda, kiatu magotini, sikio benchini. Siku hiyo alikuwa amevaa shati jeupe chini ya aproni, lile la kwendea arusi za watu, na wote waliliona, ila hakuna aliyelitaja mpaka Jaji alipomaliza kikombe cha kwanza.

— Fundi, siku imefika.

— Imefika.

— Saa ngapi vile?

— Saa nane mchana.

— Na wewe bado unagonga soli.

— Mwenye kiatu anakisubiri, alisema fundi, akakiinamia kiatu ambacho alikimaliza jana yake.

Binti yake alikuwa anatetea tasnifu siku hiyo. Alisomea udaktari, ule wa vitabu na si wa sindano, katika ile shule ya chuo kikuu inayochukua watu wa kilimo, wa chakula na wa menejimenti, wote chini ya paa moja, jambo ambalo benchi lilishalijadili mwezi mzima bila kuafikiana. Jaji alishikilia kwamba waliwachanganya kwa kukosa vyumba. Mama Kahawa akamkatalia: mmoja analima, mmoja anapika, wa tatu anahakikisha hao wawili hawagombani, sasa ajabu iko wapi? Huyu wa kwao alikuwa wa chakula, na alichosomea ni maharage. Si kuyalima wala kuyauza. Alisomea ule ukaidi wao wa kukataa kuiva: yakikaa sana ghalani kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, unayachemsha mpaka mkaa unakwisha na bado yanagonga meno. Alitaka kujua yanapatwa na nini humo ghalani, na yahifadhiwe vipi yasifike huko.

Mwanzoni fundi alichekwa. Wateja walimwambia mtoto mwenye akili vile si wa kupotezea miaka kwenye sufuria. Yeye hakuwajali, maana kazi yenyewe aliiona kwa macho yake. Aliona binti anaandika anachotaka kutafiti, walimu wake wanakirudisha. Anaandika upya, wanakirudisha tena. Anaingia maabara, anakwenda maghalani, anarudi nguo zimejaa vumbi la magunia na kulala mezani kichwa juu ya vitabu. Moyoni fundi alijivuna kupita kiasi, na wala hakuona haya kwa hilo. Kisha siku moja binti alikuja kijiweni kuomba waonjaji, na tangu hapo hakuna mteja aliyethubutu kuyacheka maharage mbele ya lile benchi.

Kwa msimu mzima alifika kila Jumamosi na vibakuli vyenye alama ambazo mwenyewe tu alizielewa. Masharti yake yalikuwa makali. Unasukutua mdomo kwa maji, unaonja, humtazami mwenzako, husemi neno. Halafu unatoa alama: moja kama hukipendi kabisa, tisa kama unakipenda mno. Hata kahawa ilipigwa marufuku mpaka kazi iishe, na Mama Kahawa, aliyekosa wateja kwa ajili hiyo, alikuwa mkali kuliko mwenye utafiti.

Sasa kila mmoja alikuwa anatafuta fungu lake katika udaktari huo.

— Mimi naliona hivi, alianza Jaji. Kesi haisimami bila mashahidi. Mashahidi ni sisi. Kwa hiyo akivikwa joho, kuna kipande cha joho ni chetu.

— Kipande gani? aliuliza Spana. Mkono au kola?

— Hayo yatapangwa.

— Mimi joho sitaki. Waje waupime ulimi wangu. Huu si ulimi tena bwana, ni chombo cha maabara. Juzi mke wangu kaniwekea chakula. Nikasukutua, nikafumba macho, nikaonja taratibu, nikamwambia nampa sita.

— Akasemaje?

— Sahani ikaondoka.

Benchi lilitikisika kwa vicheko hadi Jaji, aliyekuwa pembeni, akashika ukuta. Mama Kahawa hakucheka. Aliuweka mdomo wa birika juu ya kikombe cha Spana, akasita kumimina.

— Nyie mlikula tu. Aliyekula na kufanya kazi ya kisomi ni mimi. Kumnyamazisha Jaji, na Spana yupo ubavuni mwake? Hiyo ndiyo menejimenti yenyewe. Waniite na mimi wanipe yangu.

Jaji alilikubali hilo kwa sababu lilimsaidia kufika alikokuwa anakwenda. Alisema amesikia, na hakutaka kutaja kwa nani, kwamba mmoja wa watahini ametoka chuo cha mbali kabisa. Mtu hasafiri umbali ule kuja kusoma makaratasi ambayo angeweza kutumiwa. Anakuja kuwaona waonjaji. Litaletwa gari hapa. Wataketishwa mbele, vibakuli vitaingizwa kama vielelezo vya mahakamani, na kila mmoja ataonja upya mbele ya umati. Spana akapandia hapo hapo: baada ya kuonja, yale maharage bora yatapewa jina la benchi. Mtu ataingia dukani aseme, nipimie kilo mbili za Kijiwe. Walipenda hilo mno. Kila mmoja akalijaribu jina kichwani.

— Na kitakachowaacha mdomo wazi ni alama zangu, aliendelea Spana kwa furaha. Mimi sikuwa na mchezo. Tisa. Kila bakuli tisa.

Jaji alishusha kikombe.

— Kila bakuli?

— Mtoto wetu kapika, nimpe nne? Nina roho gani mimi?

Jaji alikohoa kikohozi kisichotoka kifuani. Alisema miaka yote mahakamani aliwadharau mashahidi wanaomtetea ndugu, na kwamba yeye kila Jumamosi alianza na nia ya haki kabisa, lakini akimwona yule binti amesimama pale na kalamu, macho yamechoka, mkono ulikuwa unaandika tisa wenyewe. Mama Kahawa, aliyewapa mgongo akipepea jiko, alisema hata lile lililokaribia kumng'oa jino alilipa tisa, na akaliombea.

Sindano ya fundi ilisimama katikati ya ngozi. Yeye pia alitoa tisa kila mara. Alijua anakosea, lakini alijipa moyo kwamba ulimi mmoja wa baba utapotea katikati ya ndimi za watu waaminifu. Hakujua kuwa waaminifu wenyewe ndio hawa. Binti alikuwa amemwambia utetezi ni wazi, yeyote anaingia, na kiti chake kitakuwa mstari wa mbele. Alfajiri hiyo akavaa shati. Kisha akafikiria mtahini akimnyooshea kidole, wewe mzee ndiye uliyeharibu hesabu, akafunga aproni juu ya shati na kusema ana kiatu cha watu.

— Fundi, na wewe je? aliuliza Jaji, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

— Tisa.

Hapo fahari yote iligeuka hofu. Jaji alisema watahini wakikuta tisa tupu kutoka juu hadi chini watadhani binti amezitunga, na hilo chuoni ni kosa la kufukuzwa. Spana alisema waende wote wakaape kwamba wao ni waongo wa asili na mtoto hana hatia. Jaji akamuuliza nani amwamini mwongo anayeapa kuwa mwongo, na wakaanza kubishana hilo kwa nguvu, kwa sababu kubishana kulikuwa kwepesi kuliko kumtazama fundi. Fundi alikuwa ameshika tama. Kilichomuuma ni kwamba alitaka kumsaidia, na yeye mwenyewe ndiye huenda amemwangusha.

Ndipo akatokea msichana mmoja mwenye mkoba begani, akihema kwa kutembea haraka.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia kwa pamoja.

Alijieleza kwamba anasoma na binti wa fundi, ila yeye ni wa menejimenti, anatafiti jinsi vyama vya ushirika vinavyoendesha maghala yao. Ametumwa kumchukua baba. Kiti chake ki wazi, na ameambiwa asirudi bila yeye. Aliona nyuso zao zilivyosawijika, akauliza kuna nini. Jaji alimjibu kwa upole usio wake kwamba hawa anaowaona hapa ndio waonjaji.

Uso wa msichana ukachangamka.

— Ninyi ndio wenyewe? Basi niambieni, lile bakuli bovu lilikuwa lipi?

— Bovu vipi? aliuliza Spana.

— Kila Jumamosi aliweka moja baya makusudi. Maharage makuukuu, hayajaiva hata nusu. Ndivyo tunavyomtambua anayeonja kweli. Lilikuwa lipi?

Spana alimtazama Jaji. Jaji alitazama birika. Mama Kahawa, anayejua jibu la kila kitu mtaani pale, aliacha kupepea. Akalishika shavu, upande wa lile jino.

Msichana hakuwacheka. Aliwaambia binti alishajua tangu Jumamosi ya kwanza. Alama zilizoingia kwenye tasnifu zilitolewa na watu wengine kule chuoni, wageni wasiomjua kwa sura wala kwa jina, waliofundishwa kuonja kwanza. Hakuna kilichoharibika. Jaji alishusha pumzi ndefu hadi ubao ukalia. Lakini fundi alibaki amekodoa macho.

— Kama alijua tangu siku ya kwanza, mbona aliendelea kutuletea?

— Hilo hakuniambia, baba.

Fundi aliweka kiatu chini, akafungua aproni, akaitundika msumarini. Hakumwambia yeyote amfuate, na wote walimfuata. Mama Kahawa alimimina kahawa yote iliyobaki juu ya makaa, mchana kweupe, wateja wakiwa njiani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipoanza biashara ile.

Ukumbi ulikuwa mdogo kuliko walivyoupanga vichwani, viti vya kukunja, kiyoyozi kikinguruma. Fundi aliketishwa mbele. Wenzake walijipanga nyuma yake kwa utaratibu ule ule wa benchini. Binti yake alikuwa amesimama mbele ya meza ya watahini. Walimuuliza mambo mazito juu ya maganda na maji na joto la ghala, wakimbana huku na huku, na kila walipombana alijibu bila kupandisha sauti. Fundi hakuelewa nusu ya maneno yale. Alielewa kwamba watu wazima wanne wenye miwani wanamsikiliza mwanawe na kuandika anachosema, na machozi yakamlenga, akayaacha.

Mwishoni mwenyekiti aliuliza kama kuna swali kutoka kwa hadhira. Kwa kawaida huwa hakuna. Fundi alisimama.

— Mheshimiwa, mimi ni mmoja wa waonjaji wa mwanzo. Tulitoa tisa kwa kila bakuli. Nimeambiwa mtahiniwa alijua siku ile ile. Nauliza, kwa nini aliendelea kutuletea?

Watahini waligeuka kumtazama binti. Binti alitabasamu kidogo, kisha akajibu kama alivyojibu maswali mengine yote.

— Mwenyekiti, Jumamosi ile ya kwanza ilinipa sura nzima ya tasnifu. Anayepika nyumbani anapendwa, na anayependwa haambiwi kwamba maharage ni magumu. Watu wanatafuna, wanasifu, na kesho yake anayanunua yale yale na kuchoma mkaa ule ule. Nikaona kuuliza watu tu hakutoshi. Nikapima ugumu kwa mashine, nikapima na mkaa. Benchi lile ndilo lililonifumbua macho.

— Sura nzima, Jaji alinong'ona nyuma, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni.

— Mzee, umeridhika? aliuliza mwenyekiti.

— Bado, mheshimiwa. Hiyo ni sababu ya Jumamosi ya kwanza. Mimi nauliza zile nyingine.

Binti alitazama karatasi zake, akazifunika. Kwa mara ya kwanza mchana ule sauti ilimtetereka.

— Zile nyingine, baba, nilikuwa nakuja kula na wewe. Maabara nilikuwa nakula peke yangu.

Kiyoyozi kilinguruma. Mtahini aliyetoka mbali alivua miwani, akaanza kuifuta ingawa haikuwa na kitu. Fundi alibaki amesimama, mikono yake yenye gundi na weusi wa rangi ya viatu imening'inia pembeni mwa lile shati jeupe, na hakuificha.

— Kuna swali lingine, mzee?

— Hakuna, mheshimiwa. Mpeni udaktari wake, tukale.

Wakampa.