Marsiana Ntahondi na Tundu Lililorudi Mara Nne

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Marsiana Ntahondi atarudisha kitambulisho chake cha kazi katika ofisi yetu ya Bangwe, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Ameshatuarifu kwamba atakirudisha saa tisa na nusu alasiri, muda wa kufunga ofisi, wala si dakika moja kabla. Sisi tuliofanya naye kazi hatukushangaa.

Alijiunga na Kampuni ya Usafiri wa Majini Mwambao Magharibi mwaka 1991 akiwa karani wa masjala. Kampuni ilikuwa na boti mbili, mashine moja ya kupiga chapa, na paka wa kuzuia panya wasile majalada. Mwenyewe husema paka huyo ndiye mtumishi pekee ambaye hakuwahi kuandikiwa barua ya kujieleza.

Karatasi zilipohamia kwenye kompyuta, Bi. Marsiana alihama nazo. Alikwenda masomoni akiwa na miaka hamsini na mbili, akarudi na cheti, na mwaka 2018 akapangiwa Kitengo cha Usalama wa Mifumo, ambacho kilikuwa na mtu mmoja tu, yaani mimi. Wengi walidhani amewekwa pale asubiri kustaafu. Nami nilidhani hivyo, na leo naungama kwa maandishi.

Kazi yetu wakati huo ilikwenda hivi. Kila miezi mitatu wakaguzi kutoka Dar es Salaam walipima seva ya tovuti yetu, ile ambayo abiria hukatia tiketi na kusomea ratiba, kisha walituletea orodha ya matundu ambayo wadukuzi wangeweza kupitia. Tuliipeleka kwa fundi wetu, Erasto. Erasto aliziba, akaandika LIMEZIBWA mbele ya kila tundu, akatia saini. Tukapiga muhuri, tukafunga jalada, tukaenda kunywa chai kwa dhamiri safi.

Mara ya kwanza mdukuzi alipoingia, mwaka 2019, aliweka tangazo la dawa za kupunguza unene juu ya ratiba yetu. Erasto aliliondoa na kuziba tundu. Kwa wiki mbili nzima mzee mmoja wa Ujiji, Mzee Asumani, alikuja dirishani kuulizia dawa hizo kwa ajili ya mkewe, na hakukubali kwamba kampuni ya boti haiziuzi. Mara ya pili tukawekewa mchezo wa kamari. Mara ya tatu tovuti yote iligeuka lugha ambayo mpaka leo hatuijui. Kila mara Erasto aliziba, na kila mara sisi tulifungua jalada jipya kama vile jambo hilo halijawahi kutokea duniani.

Mara ya nne haikuwa mzaha. Ijumaa moja ya Machi 2021, mtu aliingia na kubadilisha saa ya kuondoka boti ya kwenda Kalya, kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Abiria sitini na tatu waliachwa. Mmoja wao alikuwa bibi harusi kutoka Mwandiga, aitwaye Yunisi. Masanduku yake, mpishi wake na keki yake walikuwa wameshapakiwa tangu alfajiri. Kwa hiyo Kalya ilipata keki, na bwana harusi alikuwepo, ila bibi harusi alikuwa amekaa Bangwe juu ya dumu la mawese.

Bi. Marsiana alikwenda kukaa naye. Hakumwambia kwamba mambo yatakuwa sawa, bali alimwambia, “Mwanangu, kosa ni letu. Nipe saa moja.” Kabla saa hiyo haijaisha alikuwa amepata boti ya wavuvi wa dagaa iliyokuwa ikielekea kusini. Yunisi aliolewa kesho yake. Habari zilizotufikia ni kwamba alipendeza sana, na kwamba paka wote wa Kalya walihudhuria.

Jumatatu, meneja wetu, Bwana Castory, aliitisha kikao. Alikuwa ameshaandika barua ya kumfukuza kazi Erasto, na tuliiona mezani. Erasto alikaa karibu na mlango, macho chini. Mkewe alikuwa amejifungua mwezi huohuo.

“Umeandika limezibwa,” Bwana Castory alimwambia. “Saini ni yako. Wameingiaje?”

Bi. Marsiana ndiye aliyesimama, na majalada manne mkononi.

“Meneja, samahani. Huyu aliziba. Niliangalia mwenyewe baada ya mara ya pili na ya tatu, likawa limezibwa kweli. Haya ni majalada manne, lakini tundu ni lilelile moja. Kule masjala, mtu mmoja akiwa na majalada manne, ama ni mwizi ama tumekosea sisi. Tukimfukuza fundi, tundu litabaki, na anayelijua hatakuwepo.”

“Sasa nani analifungua?”

“Sijui. Nipe wiki mbili. Barua haiozi.”

Bwana Castory ni mtu mkali, lakini ni mtu wa kusikiliza. Aliiweka barua kwenye droo.

Wiki ya kwanza ilipita bila jibu, na Erasto alianza kupanga vitu vyake kwenye boksi. Wiki ya pili Bi. Marsiana alishuka getini kwa mlinzi wetu, Dismasi, akamwomba daftari lake. Dismasi huandika kila kitu: magari, wageni, mbuzi wanaoingia bila kibali, na kila saa umeme unapokatika na kurudi. Bi. Marsiana aliweka daftari lile kando ya majalada manne, akatuita.

“Yemwe, hebu soma hapa,” alimwita Erasto kwa lugha ya nyumbani. “Umeziba Januari. Umeme umekatika siku mbili Februari, jenereta ikaharibika. Machi tundu lipo. Rudi nyuma. Umeziba, umeme umekatika, tundu lipo. Mara zote.”

Erasto alisoma, akasoma tena, akashika kichwa. Seva yetu ilikuwa imepangwa, na watu walioondoka zamani, kwamba ikizimika ghafla ijijenge upya kutoka kwenye nakala mama. Nakala hiyo ilikuwa ya mwaka 2016, na tundu likiwa ndani yake. Alikuwa akiziba seva, na kila giza kubwa lilipopita, seva ilirudi ilivyokuwa kabla hajaigusa. Alasiri hiyo tuliizima makusudi, tukaiwasha. Tundu lilikuwepo, wazi kama mlango wa sokoni Mwanga. Sijawahi kuona watu watatu wakifurahia ubovu kiasi kile.

Tuliirekebisha nakala mama. Bwana Castory aliichana barua mbele yetu, akamwomba Erasto radhi, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea.

Kuanzia hapo tukafanya kazi kwa utaratibu wa Bi. Marsiana. Tundu moja, jalada moja, hata likirudi mara kumi. Aliyeziba hathibitishi mwenyewe. Likirudi, linazibwa siku hiyohiyo, lakini jalada halifungwi mpaka ijulikane limerudi kwa njia gani. Kabla yake, katika kila matundu kumi na moja tuliyoletewa, saba yalikuwa wageni wa zamani. Mwaka jana alirudi mmoja tu, na Bi. Marsiana alinuna wiki nzima. Wakaguzi wenyewe waliomba nakala ya fomu yake, ambayo swali lake la kwanza ni: “Limewahi kuja?”

Asije akaonekana malaika. Mwaka 2023 wakaguzi walitutumia barua pepe ya mtego isemayo, “Umeshinda doti ya kitenge.” Katika kampuni nzima aliyebofya ni mmoja. Alijifungulia jalada mwenyewe, akajiandikia barua ya kujieleza, akaipokea, akaigonga muhuri.

Sasa anakwenda Mwandiga, kwenye michikichi yake na wajukuu. Wiki iliyopita alimkabidhi kitengo Erasto, ambaye ndiye mkuu wetu mpya. Yote yalikuwa yamefungwa isipokuwa jalada moja. Erasto akamwambia, “Mama, hili nimeshaliziba. Tia saini ulifunge, uondoke meza ikiwa safi.”

Bi. Marsiana alimtazama. “Nani amethibitisha?”

“Bado.”

Akalisukuma lile jalada upande wa pili wa meza, likiwa wazi, akaenda kuaga watu wa jikoni.

Mama, asante kwa miaka yote hii, na kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kulaumu. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha, na maisha mema kuliko yote tuliyoweza kukuandikia hapa.

Frida Ruhuza
Kitengo cha Usalama wa Mifumo