Mama Tanuri na Rejeta Zisizotiwa Dawa

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Tanuri.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, kifungua mimba wa fundi bati, akasoma shule iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, kisha chuo cha ufundi, na mwaka 1986 akaajiriwa kiwandani, idara ya rejeta za alumini.

Huko alikutana na shemeji yetu, mchanganyaji wa dawa, ule unga mweupe unaopakwa kwenye alumini ili utando unaoifunika uachie na viungo vishikane tanurini, wakafunga ndoa Juni 1989, wakajaliwa binti mmoja. Vumbi la unga ule shemeji alilivuta miaka yote, kitambaa tu puani, mpaka kifua kikagoma.

Dada akaomba ahamishiwe tanuri la majaribio, linalonyonywa hewa yote ili viungo vishike bila dawa, akahangaika nalo hata shemeji akatania kwamba mkewe ana mume wa pili, lakini hewa ilipenya kwenye mpira wa mlango, na rejeta zikijazwa maji zilitoka jasho viungoni. Jioni moja shemeji akamwambia, "Acha, mke wangu. Hata zikishika kesho, kifua changu hakirudi."

Dada akamjibu, "Najua. Lakini binti yetu naye ataomba kazi palepale."

Shemeji alifariki Agosti 2009. Mwaka uliofuata rejeta chache zilishika, kavu kabisa, dada akaja nyumbani anacheka peke yake njiani, ila kabla ya jaribio lililofuata pampu iliungua, uongozi ukasema tanuri linakula umeme bure, likauzwa kama chuma chakavu, naye akapelekwa kwenye chumba cha dawa.

Alianza kukohoa mwaka 2016, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Binti yake, aliyekwisha kuajiriwa chumba kilekile, alikuwa akimpitia wodini akitoka kazini, unga ungali kwenye nywele, na dada akigeukia ukutani. Alifariki Jumanne alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi, na wenzake wa chumba cha dawa, mliopewa ruhusa ya nusu siku tu.

Dada, ulijitahidi, haikuwezekana. Pumzika sasa, kwa amani.