Kichwa cha Ogutu

Nyuma ya karakana ya mbao kule Parklands, pale Kaloki alipotua birika lake la kahawa kila jioni, palikuwa na ubao mrefu juu ya madebe mawili. Wenyewe waliuita Bunge, na mwaka ule wa hamsini na nane hapakuwa na bunge jingine lililowasikiliza. Jioni hiyo Odero, fundi seremala, alikaa, kahawa imempoa mkononi. Binamu yake Ogutu, mtunza bustani wa mzungu mmoja wa Kilimani, alikuwa mwisho wa ubao, akitazama mikono yake iliyobambuka ngozi kama kitunguu. Miezi mitatu sasa Ogutu alikuwa akisahau majina ya watu, akilia bila kupigwa, akifoka bila kuudhiwa. Odero alikuwa ameandika barua nyumbani: kichwa kimeharibika, njooni mumchukue. Kesho angepandishwa gari la moshi, na kwao mtu akisharudishwa kwa jina la kichaa hapewi tena hata jembe.

– Mimi nawaambia ni jua, akasema Haron, dobi waliyemwita Redio kwa kuwa hakuzimika. – Huyu anainama kwa maua tangu asubuhi. Ubongo ni kama samli. Ikipata joto inayeyuka, inateremka. Angalieni shingo yake vile imekuwa nyeusi!

– Wacha hiyo, akajibu Macharia. Alifagia zahanati ya daktari Mhindi, kwa hivyo jina lake lilikuwa Sindano. – Ni ile dawa ya kunyunyizia waridi. Inaua mdudu mwenye miguu sita, itashindwa na mtu wa miguu miwili?

– Mbona mbwa wa mzungu analala hapo hapo kwa waridi na halii?

– Mbwa hana mawazo, Redio. Kama wewe tu.

Zedekiah, tarishi wa mahakama, alikohoa. Huyo ndiye Jaji. Akikohoa, kesi imefika kwake.

– Ni kofia, akasema. – Krismasi alipewa kofia kuukuu na bwana yake. Yule mzee alipigana vita huko Burma. Kichwa huacha mawazo ndani ya kofia, kama vile huacha jasho. Ogutu amevaa vita ya wenyewe.

– Na wewe na hilo koti ulilopewa na hakimu, mbona bado hujanyonga mtu? akauliza Redio.

– Nangoja wewe umalize kahawa.

Wakacheka. Ogutu naye akacheka, lakini wenzake walipokwisha kunyamaza, na kicheko chake kikageuka machozi. Kila mtu akatafuta pengine pa kutazama. Kaloki akamjazia kikombe cha nne, cha kumchangamsha.

Ndipo aliposogea msichana mwenye kikapu aliyekuwa akiwasikiliza kutoka kona ya karakana, vumbi la safari bado miguuni. Odero alimtambua: Phoebe, mdogo wake Caren, mke wa Ogutu. Caren alikuwa amerudi nyumbani kulima tangu mwanzo wa mvua, na sasa alimtuma mdogo wake amlete mumewe.

– Karibu, shemeji. Umetoka salama?

– Salama.

Akatua kikapu, akaishika mikono ya Ogutu, akaigeuza huku na huku. Kisha akamgeukia Odero.

– Shemeji, tangu dada arudi nyumbani, huyu anakula kwa nani?

– Kwa Jaji, akasema Odero. – Jaji ana mke wa kupika.

– Kwangu? Zedekiah akashtuka. – Mimi nilijua ni kwa Redio.

– Redio nani? Mimi mwenyewe napikiwa na dada yangu! Nilisema huyu yuko kwa ndugu yake.

Macho yote yakamrudia Odero.

– Posho anapewa na bwana yake, akajitetea. – Kila Jumamosi. Unga.

– Unga na nini?

Odero aliona mlango wake mwenyewe, jioni nyingi, Ogutu amesimama pale na kofia mkononi, ndani kunanukia samaki. Aliisikia sauti yake: Umekula, omera, ndugu yangu? Na jibu la adabu: Nimeshiba. Alikumbuka pia jinsi moyo wake ulivyopata nafuu, chumba kidogo, watoto wengi, akaurudisha mlango taratibu.

– Mmechunguza jua, mmechunguza waridi, mpaka kofia ya mzungu mmeipasua, akasema Phoebe. Hakupaza sauti. – Sufuria yake hakuna aliyeifunua. Kesho sisafiri na mtu. Ngozi hii nimeiona kwa wala unga mtupu, na kichwa huifuata; daktari aione, na mimi nitapika: samaki, mboga, maharagwe. Mwezi mzima. Baadaye mkitaka kumwita kichaa, mwiteni mimi nikisikia.

– Daktari nitamwambia kesho asubuhi, akanong'ona Macharia.

– Lakini huyu ni mtu wetu, shemeji Odero, akasema Phoebe. – Kule nyumbani, anayesimama mlangoni huulizwa kama amekula, ama huwekewa chakula mbele?

Zedekiah alikohoa, lakini hukumu haikutoka. Hata Redio alizimika.

Ogutu ndiye aliyezungumza, akimtetea binamu yake mbele ya Phoebe kwa sauti ya mtu aliyechoka sana.

– Usiwagombeze, shemeji. Waliuliza. Kila siku waliuliza vizuri.